Muswada Wenye Jina la Otha Tarver

Kwa miaka yote niliyoishi Delta sijapata kumwona mtu anayeipenda siku ya uchaguzi kama Otha Tarver, wala sijapata kumwona mtu aliyenyimwa siku hiyo kama yeye. Alfajiri pikapu yake inakuwa imeshaoshwa. Anavaa koti la kanisani, anapakia kigoda cha kupandia kwa ajili ya bibi wasioweza kuinua miguu, kisha anapita nyumba kwa nyumba kuwabeba wazee mpaka jengo la zimamoto, tunakopigia kura. Anawashusha, anawashika kiwiko mpaka mlangoni. Hapo mlangoni anageuka, anarudi kukaa kwenye pikapu na kusubiri. Yeye haruhusiwi kuingia kupiga. Hajapiga kura hata siku moja maishani mwake, na mwaka ninaousimulia alikuwa ameshapita sitini.

Mimi ni wa kuja. Nimezaliwa Pangani, nikavuka bahari kuja huku Delta kwa ndoa, mume akatangulia mbele ya haki, nikabaki na nyumba yake na majirani zake. Nilipokula kiapo cha uraia, Otha ndiye aliyenipeleka kwenye kura yangu ya kwanza. "Ingia, Bi Rukia," aliniambia. "Haiumi." Nilipotoka na kile kibandiko wanachokupa ubandike kifuani, watu wajue umeshapiga, alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ndani wanakuambia nini? Kalamu ni yao, au unakwenda na yako?"

Nilimjibu vizuri, lakini ndani nilikuwa nachemka. Babu wa babu yake alifyeka msitu wa kaunti hii huku anachapwa viboko. Mimi niliyeingia juzi kwa ndege napiga kura, na yeye anauliza habari za kalamu! Hasira ile sijaimaliza mpaka leo, na msomaji akiiona imechomoza humu asishangae.

Kosa lake ni hili. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alifanya kazi ya kukata miti na mjomba wake. Akina Tarver wana kipande cha ardhi alichoacha babu yao, na kama familia nyingi za watu weusi wa huku, babu hakuandika wosia. Ardhi ni ya wote na hati hana mtu. Mpaka waliujua kwa mti mmoja mkubwa wa pekani. Kimbunga kikauangusha, na mwaka uliofuata Otha na mjomba wake wakakata misonobari upande walioamini ni wao, kumbe wameshaingia kwa jirani. Jirani akamwita sherifu. Wakili aliyetolewa na mahakama alizungumza na Otha kwenye korido kwa muda wa kumaliza sigara. "Kubali kosa, kijana, na jioni utakula kwenu." Otha akakubali, na jioni kweli akala kwao. Hakuna aliyemwambia kwamba wizi wa miti umo katika orodha ya makosa yanayomfutia mtu kura mpaka kaburini.

Orodha yenyewe iliandikwa zaidi ya karne moja iliyopita, na walioiandika hawakuona haya kusema wanamlenga nani. Walikaa wakachagua makosa waliyodhani watu weusi ndio wanaoyafanya. Kuiba miti kumo. Kuuza dawa za kulevya hakumo, kwa kuwa enzi hizo biashara hiyo haikuwa na jina. Ndiyo maana Junebug, binamu yake Otha, aliyefungwa miaka kadhaa kwa kuuza unga, hupiga kura kila uchaguzi na kutoka na kibandiko chake kifuani.

"Tatizo lako, binamu," Junebug humwambia wakiwa kwa kinyozi, "ulichagua kosa la kishamba. Msonobari! Mtu na akili zake anaiba msonobari! Ungeuza unga kama wenzio, leo ungekuwa mwananchi."

"Na wewe ungeshika msumeno hata siku moja," Otha hujibu, "hicho kitambi kisingekutangulia mlangoni."

Duka zima la kinyozi huangua kicheko, na Otha hucheka nao. Mimi nimekaa naye kibarazani jioni za siku hizo. Hucheka akiwa huko, akifika nyumbani haongei.

Sasa nije kwa Lavonne. Ni binti yake wa pekee, dereva wa basi la shule, mwanamke wa maneno machache na uso usiotishika. Katika eneo letu la udiwani, la tatu, kuna daraja juu ya kijito cha Mossy lililofungwa na kaunti miaka sita, wakaweka mapipa ya rangi ya machungwa na kwenda zao. Tangu hapo kila gari linazunguka kwa njia ya mbali. Mama yake Lavonne, Earnestine, alipozidiwa, gari la wagonjwa lilizunguka pia, na alikata roho akiwa njiani. Sisemi angepona. Nasema tu hospitali ipo ng'ambo ya daraja.

Jumapili moja ya Januari tulikuwa mezani kwa Otha. Alikuwa amepika kambare wa kukaanga na tambi, na mboga zangu amezitenga kwenye sufuria ya peke yake na nyama ya bata mzinga, maana anajua nguruwe sili. Lavonne akaweka uma chini.

"Baba, nagombea udiwani."

"Kiti cha Rusty?"

"Si cha Rusty. Ni kiti tu. Yeye amekikalia."

Rusty Holcomb ndiye diwani wa eneo letu, mwenye dhamana ya barabara na madaraja, na kabla yake alikuwepo baba yake. Si mtu mbaya. Uchaguzi ukikaribia huwamwagia wazee kokoto uani mwao, anasalimia kila mtu kwa jina, na daraja linabaki na mapipa yake.

Otha alitafuna, akameza, akanywa chai yake ya baridi yenye sukari ya kuua. "Basi mwaka huu na mimi nitapiga," akasema. "Sitakaa kwenye gari mtoto wangu akiwa kwenye karatasi. Nitaingia mle ndani kwa miguu yangu."

Lavonne alinitazama mimi. Wote tulijua maana yake, na ilikuwa ngumu kuliko kugombea. Mtu kama Otha akitaka kura yake huku kwetu, bunge la jimbo lazima litunge sheria nzima kwa ajili yake peke yake, kwa jina lake, na theluthi mbili za kila baraza wakubali. Mwizi mmoja wa msonobari, sheria moja! Ukiwasimulia watu wa Pangani watasema umeanza kuchanganyikiwa.

Mwakilishi wetu, Mheshimiwa Hollis Wade, kijana mwenye suti za kubana na moyo mzuri, alikubali kuupeleka muswada. Mchungaji akaandika kwamba Otha ni mtu mwema. Bosi wake wa zamani akaandika. Mimi nikaandika, na niliandika kwa adabu ingawa mkono ulitaka mengine. Mwezi Machi muswada ukapita kwa wawakilishi. Wade alimletea nakala, na Otha akapitisha kidole juu ya maneno: kumrudishia Otha Lee Tarver haki ya kupiga kura. "Wametia mpaka Lee," aliniambia. Jumapili hiyo aliimba kanisani, nimeambiwa, mpaka akina mama wakamgeukia.

Ikabaki Seneti. Huko miswada ya namna hii hupita kwanza kwenye kamati, na kamati hukaa mwenyekiti anapotaka ikae. Siku ya mwisho ya kamati tulikwenda mji mkuu kwa pikapu, mimi na Otha, na kambare tumewafunga kwenye karatasi ya bati. Tulikaa kwenye benchi la korido, chini ya picha za wazee wenye ndevu. Vijana wenye mafaili walipita wakatusalimia. Otha alikuwa na koti lake la siku ya uchaguzi. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama.

Alasiri Wade akaja, tai imelegea.

"Mzee Otha, samahani sana. Kamati haitakaa."

"Wamenikataa?"

"Hawajakukataa, mzee. Hawajakaa. Mwenyekiti ameshaondoka."

"Anaumwa?"

Wade akatazama viatu vyake. "Ni msimu wa bata mzinga wa porini. Amekwenda kuwinda."

Otha akauliza kwa upole kabisa, "Kuna mtu anajua kama amepata?"

"Sijui, mzee."

"Tumwombee apate basi. Isiwe hasara kwa wote."

Wade alicheka kwa sauti ndogo, akaona hakuna anayecheka naye. Alisema mwakani, alisema ataupeleka upya toka mwanzo, alisema maneno yote wanayosema. Muswada usiopita kabla bunge halijafungwa unakufa, na wa mwakani ungekuja uchaguzi umeshakwisha. Katika njia yote ya kurudi Otha alilia bila sauti huku akiendesha. Mimi nikajitia kutazama mashamba.

Kiangazi kile alikonda. Alifanya kazi ya Lavonne ya kubisha milango, akapigilia mabango kwenye nyasi za watu, lakini moyo wake haukuwepo. Jioni moja Oktoba alikuja kibarazani kwangu, akakaa, akasema, "Bi Rukia, na nikiingia tu? Wale wanaokaa mezani wote wananijua. Nikitaja jina langu, nani atanifukuza?"

Lavonne alikuwa amekuja kuchukua mabango. Akamsikia. "Watakufunga, baba. Umri huo watakufunga. Na mimi wataniita binti wa mwizi wa kura, daraja litakaa hivyo mpaka nife."

"Kura yangu mwenyewe, nitaiibaje?"

"Baba."

"Haya. Nimeuliza tu."

Lakini nilimwona. Hakuwa ameuliza tu. Alikuwa mtu aliyefika mwisho wa njia zote za halali na sasa anapapasa ukutani, na binti yake ndiye aliyembidi amshike mkono.

Siku ya uchaguzi aliosha pikapu kama kawaida. Alibeba watu toka asubuhi mpaka giza. Nilikuwa naye katika safari ya kumrudisha Bi Luvenia, mjane wa miaka tisini na kitu, ambaye Otha humbeba kila uchaguzi tangu bibi aache kuendesha mwenyewe. Bibi alijipanga kwenye kiti, akaweka pochi mapajani.

"Otha, mwanangu, sitaki kukuficha. Nimempa Rusty."

Otha alikuwa anafunga mlango. Mkono ukasimama.

"Alinimwagia kokoto," Bi Luvenia akasema. "Lori zima. Ningefanyaje? Na wewe ni mtu mwema, hukunidai kitu."

Mimi nilifungua mdomo. Otha akanikonyeza ninyamaze. "Ni kura yako, mama," akasema. "Funga mkanda."

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakumwacha hapohapo barabarani, angalau kwa dakika tano tu ajute. Akasema, "Ana haki. Ndiyo maana ya kitu chenyewe." Nikamwambia ana roho ya kijinga.

Usiku matokeo yakabandikwa mlango wa mahakama ya kaunti. Holcomb mia sita kumi na mbili. Tarver mia sita kumi na mbili. Watu walidhani karani amekosea. Zikahesabiwa upya siku ya pili mbele ya mawakili wa pande zote, zikatoka vilevile. Hapo kila mtu katika eneo la tatu akaanza kutafuta aliyelala, aliyechelewa kazini, aliyesahau kitambulisho. Junebug aligombana na kinyozi aliyefungua duka siku nzima asiende kupiga kura. Otha hakugombana na mtu. Hakuhitaji kutafuta. Siku zile alitembea kama mtu aliyebeba maiti yake mwenyewe, na chakula nilichompelekea nilikikuta kesho yake hakijaguswa.

Sheria ya huku inasema kura zikilingana, tume ya uchaguzi inapiga bahati nasibu mbele ya watu. Basi tukakusanyika ukumbi wa mahakama. Mwenyekiti wa tume, Bi Darlene Pruitt, alikuja na bakuli lake la kioo la nyumbani, lile analotilia juisi ya harusi. Majina mawili yalitiwa ndani ya mayai mawili ya plastiki, yale ya kuchezea watoto wakati wa Pasaka. Kulikuwa na ubishi wa rangi. Nyekundu ikakataliwa, bluu ikakataliwa, kila moja ina chama chake. Wakakubaliana yote mawili yawe ya njano. Wakili mmoja akayapima kwa mkono kama yana uzito sawa. Watu wazima, wamevaa suti, wanapima mayai ya plastiki! Nilitaka kupiga kelele.

Lavonne alisimama upande mmoja, Rusty na kofia yake mkononi upande wa pili. Otha alikaa safu ya mbele karibu nami. Bi Darlene akakunja mkono wa blauzi, akageuza uso pembeni ili asione, akaanza kuupeleka mkono kwenye bakuli.

Otha akanyoosha wa kwake, juu kabisa, kama mtoto darasani.

Bi Darlene akasita. "Bwana Tarver, shughuli hii haina maswali."

"Sina swali, bibi. Nina jibu." Akasimama, mkono bado uko juu. "Mnatafuta kura moja. Mimi ni mtu wa eneo la tatu tangu nizaliwe. Kodi ya nyumba yangu iko humu humu ndani ya jengo hili. Nipo hapa, akili zangu timamu, na najua ninayemtaka. Kwa nini mliulize bakuli? Niulizeni mimi."

Rusty Holcomb alikuwa anaigeuzageuza kofia yake, na nitamtendea haki: uso ulimwiva.

"Bwana Tarver," Bi Darlene alisema polepole, "unajua siwezi. Sheria hainiruhusu."

"Sheria naijua, bibi. Imenilala kifuani miaka arobaini. Mimi nasema tu mlione wenyewe. Bakuli lina kura. Mimi sina."

Kwa Kiingereza alitumia maneno mawili tofauti, moja la bahati nasibu na jingine la uchaguzi. Mimi ndiye niliyesikia moja. Kwetu neno ni lilelile, na nilipolisikia namna hiyo nililia mbele za watu, jambo nisilolizoea.

Askari msaidizi wa sherifu akasogea. Alikuwa kijana wa huko huko kwetu, aliyepandishwa basi na Lavonne toka darasa la kwanza. "Mzee wangu, tafadhali kaa. Usinifanye nikutoe."

Otha akakaa. Mkono hakuushusha.

Bi Darlene akaingiza wake. Mayai yaligongana na kioo. Akatoa moja, kucha zikamshinda kulifungua, wakili akamsaidia. Akafungua karatasi, akaisoma kwanza mwenyewe, kisha kwa sauti.

"Russell Holcomb."

Nusu ya ukumbi ikapiga makofi, si kwa nguvu. Kamera ya televisheni ikamkimbilia Rusty. Junebug alitoka nje. Lavonne alimpa mpinzani wake mkono na kumpongeza, kisha akapita katikati ya watu waliokuwa wanataka kumshika bega, akaja moja kwa moja mpaka safu ya mbele. Akapiga magoti mbele ya baba yake. Ule mkono ulikuwa bado uko juu, na sasa alikuwa anaushikilia kiwikoni kwa ule mwingine.

"Shusha, baba," alimwambia. "Wameshamaliza."

"Hawajaniita," Otha akasema.